Kicheko cha Wagonjwa Wawili

Waswahili husema, Hujafa hujaumbika. Methali hiyo ni onyo kwa yule anayecheka mguu wa mwenziwe uliopooza, kwani hajui kesho ataamka na umbo gani yeye mwenyewe. Kwa vizazi vingi onyo hili limekuwa sheria ya adabu, na hapana haja ya kuipinga. Lakini sheria yenyewe imeelekezwa kwa mwenye afya tu. Juu ya mgonjwa haisemi neno. Je, yule ambaye maradhi yamekwisha kumuumba upya, akakaa miaka ishirini na maumivu yasiyopona, naye amekatazwa kucheka? Na akicheka yeye, jirani aliyeketi kando ya kitanda chake acheke pamoja naye, au ainamishe uso?

Maswali haya yalipata kujibiwa katika mji wa Paris, karne ya 17, na watu wawili ambao hawakuyajibu kwa hoja bali kwa maisha yao. Wa kwanza ni Paul Scarron, mtunzi wa mashairi, michezo na hadithi, aliyefariki mwaka 1660. Wa pili ni Jean-Baptiste Poquelin, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Molière, aliyefariki mwaka 1673. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua huyu wa pili kwa Mchuuzi Muungwana. Wa kwanza hawamjui, na hata katika nchi yake mwenyewe jina lake limefunikwa na jina la mjane wake. Walakini katika jambo hili Scarron ndiye mwalimu, na Molière, ambaye kundi lake liliigiza michezo ya Scarron, alikuja nyuma yake.

Scarron alizaliwa mwaka 1610 katika nyumba ya watu wenye cheo. Baba yake alikuwa mshauri katika baraza kuu la sheria la Paris. Kijana huyu aliingizwa katika utumishi wa kanisa bila ya kuwa na moyo wa ibada, kama ilivyokuwa desturi ya watoto wengi wa ukoo bora wakati ule, akapelekwa katika mji wa Le Mans kumtumikia askofu. Alipenda dansi, muziki na mazungumzo ya watu wa kupendeza. Mwaka 1638, umri wake ukiwa chini ya miaka thelathini, alishikwa na ugonjwa ambao haukumwacha tena. Viungo vyake vilikazana kimoja baada ya kingine. Shingo ilipinda, uti wa mgongo ukapinda, miguu ikajikunja isikunjuke, vidole vikawa vizito. Alijaribu maji ya moto ya chemchemi za Bourbon, akajaribu dawa za kila namna, na usiku alitafuta usingizi kwa afyuni. Tangu hapo hata kufa kwake, muda wa miaka ishirini na miwili, dunia yake ilikuwa kitanda na kiti.

Ipo hadithi mashuhuri juu ya chanzo cha maradhi hayo. Yasemekana kwamba siku ya sikukuu ya vinyago huko Le Mans, Scarron alijipaka asali mwili mzima, akajibingirisha katika manyoya, akatoka mitaani kwa sura ya ndege. Umati ulimkimbiza na kumnyonyoa, naye akajitupa majini na kujificha humo mpaka baridi ikamwingia mifupani. Hadithi hii iliandikwa miaka mingi baada ya kifo chake, na wataalamu hawaiamini. Wengi wao hudhani kwamba alipatwa na aina ya baridi yabisi inayokaza viungo na mgongo, nayo haihitaji asali wala manyoya. Lakini hadithi ya uongo nayo ni ushahidi wa jambo fulani. Watu hawapendi maradhi yasiyokuwa na sababu. Hupenda mgonjwa awe amejitakia, na ikiwezekana awe amejitakia kwa njia ya kuchekesha, ili msikilizaji arudi nyumbani akiwa na hakika kwamba yeye, asiyejipaka asali, hawezi kupatwa na jambo kama lile. Huu ni mzaha wenye afya wanaojifanyia kwa faida yao, na mgonjwa hana fungu ndani yake.

Mzaha wa Scarron mwenyewe ulikuwa wa namna nyingine, nao ulianza kwa haja ya chakula. Mwaka 1641 baba yake aliondoshwa Paris kwa kumpinga Kardinali Richelieu, na mwaka 1643 akafariki. Ikafuata kesi ya urithi baina ya Scarron na watu wa nyumba ya mama yake wa kambo, naye akashindwa. Mtu asiyeweza kusimama, asiyeweza kupanda ngazi za watu wakubwa kuomba kazi, alibaki na kitu kimoja cha kuuza, yaani kalamu. Na kwa kuwa kalamu za mashairi ya fahari zilikuwa nyingi, aliuza mashairi ya kuchekesha, yale yanayochukua mambo makuu na kuyavika nguo za jikoni. Mwaka 1644 alitoa utenzi wa vita vya majitu na miungu katika lugha ya mitaani. Tangu mwaka 1648 alianza kutoa shairi la Virgil, mshairi mkubwa wa Roma, likiwa limegeuzwa la kuchekesha tangu mwanzo. Paris ilimpenda, na kwa miaka michache kila mtunzi mdogo alitaka kuandika kama Scarron.

Miongoni mwa vitu vilivyovikwa nguo za jikoni mwili wake ulikuwa wa kwanza. Alipomwomba ruzuku Malkia Anne, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo Louis wa 14, hakuomba kwa machozi. Aliomba cheo. Kila mfalme ana tabibu wake, mpishi wake na mpiga mbiu wake. Yeye alitaka kuwa Mgonjwa wa Malkia, kazi ambayo, kwa maelezo yake, aliiweza kuliko mtu ye yote katika ufalme. Malkia alicheka, akampa écu 500 kwa mwaka, na Scarron akalitumia jina hilo la cheo kwa fahari yote ya mtumishi wa serikali.

Msomaji anaweza kuona fedheha katika jambo hili, na fedheha ipo. Mtu aliyeumia alilazimika kumchekesha mwenye mali ili apate kula. Lau angalilia, pengine Malkia angaliona huruma siku moja na kuchoka siku ya pili, maana machozi ya mgonjwa wa kudumu yana kasoro moja mbele ya watu, nayo ni kwamba hayana mwisho. Mgonjwa wa homa hulia siku saba, akapona au akafa, na jamaa zake humvumilia siku hizo zote. Mgonjwa wa miaka ishirini hawezi kulia miaka ishirini mbele ya wageni wale wale. Scarron aliligundua hilo mapema. Alichekesha, na chumba chake kikajaa watu. Na katika chumba kilichojaa watu alipata habari za mji, ubishi, chakula cha jioni na marafiki, yaani yale yote ambayo ugonjwa ulikuwa umekusudia kumnyang'anya.

Hata hivyo bei yake ilikuwa kubwa, na katika mwaka 1648 yeye mwenyewe alionyesha jinsi anavyoijua. Katika dibaji aliyoiandika kwa msomaji ambaye hajapata kumwona, alieleza kwa nini ameamua picha yake ichapishwe. Sababu ilikuwa uvumi. Wapo waliosema kwamba hana mapaja. Wapo waliosema kwamba huwekwa juu ya meza ndani ya kasha, na humo hupiga porojo kama ndege wa kufugwa. Wapo waliosema kwamba kofia yake imefungwa kwa kamba inayopita katika kapi juu, naye huivuta ipande na kushuka ili kuwaamkia wageni. Baada ya kuyataja hayo, Scarron alieleza hali yake ya kweli. Miguu na mapaja yake, alisema, vilianza kwa kufanya pembe butu, kisha pembe mraba, na mwisho pembe kali. Mapaja na kiwiliwili vilifanya pembe nyingine. Na kwa kuwa kichwa kiliinamia tumboni, umbo lake lote lilifanana na herufi Z. Mikono ilikuwa imefupika kama miguu, na vidole kama mikono. Kwa ufupi, alijiita muhtasari wa mateso ya binadamu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko linavyoangaliwa na wengi wanaolisimulia. Mzaha wa kofia na mzaha wa herufi Z yote miwili ni mikali. Ukipimwa kwa ukali tu, pengine ule wa Z umezidi, kwa kuwa hauachi kiungo. Tofauti yake ni kwamba mmoja ni uongo na mwingine ni kweli. Aliyebuni kapi na kamba hakupata kuingia chumbani. Alitaka chombo cha kuchezea, na mtu ndani ya kasha anafaa kwa kazi hiyo kuliko mtu kitini. Aliyeandika Z alihesabu pembe za mwili wake kwa zamu, jinsi zilivyobadilika mwaka baada ya mwaka, na ndani ya mzaha huo tabibu anaweza kusoma mwendo wa ugonjwa bila ya kukosa hatua. Kicheko cha Scarron kilikuwa ushuhuda. Kilimleta msomaji karibu na kiti, ilhali kile cha mjini kilimweka mbali.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba mgonjwa ana ruhusa na mzima hana, basi imekwisha, wamesema nusu ya jambo. Ruhusa ya mgonjwa ni ya kweli. Lakini mgonjwa naye anaweza kusema uongo juu ya maradhi yake ili kuwafurahisha watu, na mzima anaweza kusema kweli. Watu wa Afrika ya Mashariki wana mizani yao kwa ajili ya mambo haya, nayo ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani. Mtani huweza kuiga mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayemshika koo. Mgeni huona ukosefu wa adabu. Lakini mtani huyo huyo amefika, amekaa, ana kazi yake katika mazishi, na siku msiba ukiingia nyumbani kwake atalipwa deni lake kwa dhihaka ile ile. Ruhusa yake haikutoka katika ukali wala upole wa maneno, bali katika kuwapo na katika kulipana. Waliomtungia Scarron kapi la kofia hawakuwapo, wala hawakuwa na cha kulipa.

Mwaka 1652 aliyelipa ghali kuliko wote aliingia nyumbani. Scarron, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alimwoa Françoise d'Aubigné, msichana wa miaka kumi na sita, maskini, aliyefiwa na baba na kulelewa sehemu ya utoto wake katika kisiwa cha Martinique. Alimpa achague kati ya kulipiwa mahari ya kuingia utawa na kuolewa naye. Msichana alichagua ndoa. Maneno ya mjini juu ya ndoa hiyo hayahitaji kurudiwa. Kwa miaka minane alimuuguza mumewe na kukaribisha wageni wake, na wageni hao walishuhudia kwamba mazungumzo ya chumba kile yalipata staha tangu alipoingia. Ruzuku ya Malkia ilikuwa imekwisha kukatwa, kwa kuwa mwaka 1651 Scarron alihesabiwa kuwa ndiye mtungaji wa shairi kali la kumtukana Kardinali Mazarin. Mgonjwa wa Malkia alifukuzwa kazi kama mtumishi mwingine ye yote mwenye ulimi; na katika hili, angalau, alitendewa sawa na wazima. Alijiandikia mwenyewe maneno ya kaburini. Humo mzaha umepungua sauti: anamwomba mpita njia asipige kelele, kwa sababu huu ni usiku wa kwanza ambao Scarron maskini amepata usingizi.

Molière alikuwa na ugonjwa wa aina nyingine, usioonekana kwa macho. Kwa miaka kadhaa alisumbuliwa na kifua, na wengi huamini kwamba kilikuwa kifua kikuu. Mwigizaji anayekohoa ana shida ambayo mtunzi aketiye kitini hana, kwa kuwa kikohozi hakingoji zamu yake. Molière alikipa zamu. Katika mchezo wa Bahili, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1668, alimfanya bahili mwenyewe awe mkohozi, na mwanamke mshenga amsifu kwamba kukohoa kunampendeza. Katika mchezo huo huo mtumishi anatukanwa kwa kuchechemea, kwa sababu Louis Béjart, aliyepewa sehemu hiyo, alikuwa akichechemea kweli. Béjart alipostaafu mwaka 1670, kundi lilimwekea posho ya livre 1,000 kwa mwaka. Tusi la jukwaani na posho hiyo vilitoka katika mfuko mmoja, na anayetaka kulihukumu tusi hana budi kuiweka na posho katika mizani.

Mwaka ule ule wa 1670 ulichapishwa mchezo wa adui mmoja, Le Boulanger de Chalussay, uliogeuza herufi za jina la Molière kuwa Élomire na kumwonyesha kuwa mtu mwenye wasiwasi wa magonjwa, anayewakimbilia matabibu na kuogopa kila kikohozi chake. Kikohozi kilikuwa kile kile kilichomo katika Bahili. Lakini sasa kilikuwa kofia ya Scarron inayovutwa na mkono wa mtu mwingine.

Jibu la Molière lilitoka tarehe 10 Februari 1673, katika ukumbi wa Palais-Royal, nalo ni Le Malade imaginaire, yaani Mgonjwa wa Kudhania. Argan, mwenye nyumba, ni mzima wa mwili lakini amejiaminisha kwamba ni mahututi. Huhesabu dawa zake kama mchuuzi ahesabuvyo marobota, na hutaka kumwoza binti yake kwa tabibu ili apate tiba bila malipo. Mgonjwa wa kweli akaigiza mzima anayejidhania mgonjwa, na katika nguo za kulalia za Argan alikohoa kikohozi chake mwenyewe. Kicheko kilielekezwa kwa matabibu wa zama zile, ambao tiba yao ilikuwa kutoa damu, kuharisha na kutia dawa kwa nyuma. Kijana mmoja wa kitabibu katika mchezo huo anajivunia kuandika hoja za kupinga mzunguko wa damu, uliokwisha kuelezwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628. Dhihaka hiyo haikuwa na chumvi nyingi, maana mabwana wa chuo cha utabibu cha Paris walikuwapo waliokuwa wakiupinga kweli.

Lakini Molière hakujiacha nje. Katika tendo la tatu, ndugu yake Argan anamshauri akatazame mchezo mmoja wa Molière. Argan anakasirika, anasema kwamba angekuwa tabibu angemwacha Molière afe bila ya kumtoa damu hata tone. Ndugu anajibu kwamba Molière hataomba dawa, kwa sababu dawa ni za wenye nguvu za kuzistahimili pamoja na ugonjwa, naye nguvu alizo nazo zinatosha kuuchukua ugonjwa tu. Anayemlaani Molière kwa sauti kuu jukwaani ni Molière. Watazamaji walicheka, na hapana ajuaye wangapi kati yao walisikia kwamba jibu la ndugu yule lilikuwa kweli tupu.

Hata hivyo mchezo huu una upande wa pili ambao sifa za mtungaji hazipaswi kuuficha. Maneno ya anwani yake yalitoka ukumbini yakaingia katika lugha ya kila siku, na humo yakawa silaha. Tangu wakati huo mtu mwenye maumivu yasiyoonekana kwa macho, asiyekuwa na mguu uliojikunja wala mgongo wa herufi Z wa kuonyesha, anaweza kuambiwa kwamba ni mgonjwa wa kudhania, na anayemwambia hujiona ametumia maneno ya mtu mkubwa. Mzaha uliotungwa na mgonjwa dhidi ya matabibu wasioona uligeuzwa na wasioona dhidi ya wagonjwa. Molière hakukusudia hivyo. Lakini mtungaji wa mzaha huushika mpaka mlangoni tu. Ukitoka nje huwa wa atakayeuokota.

Siku ya nne ya maonyesho, tarehe 17 Februari 1673, Molière aliamka akiwa dhaifu. Aliigiza. Katika tendo la tatu Argan hujifanya maiti ili ajue ni nani ampendaye, na kabla ya kulala huuliza kama hakuna hatari kuigiza mauti. Katika sherehe ya mwisho, Argan anapoapishwa kuwa tabibu, Molière alishikwa na mtukutiko, akaufunika kwa kicheko, akamaliza mchezo. Alichukuliwa nyumbani kwake katika mtaa wa Richelieu, na usiku ule akafa kwa kutapika damu, umri wake miaka hamsini na mmoja. Kwa kuwa alikufa bila ya kuikana kazi ya uigizaji, padri wa mtaa alikataa kumzika. Mjane wake Armande alimwendea mfalme, na kwa upole uliopatikana kwa shida maiti ilizikwa usiku wa tarehe 21 Februari, pasipo ibada kubwa. Mjini yalienea mashairi mafupi mengi juu ya mtu aliyejifanya maiti mpaka mauti yakamsadiki. Baadhi yake yalikuwa ya majonzi. Mengine yalikuwa kapi na kamba.

Tarehe 3 Machi kundi lilirudia mchezo ule. Wenziwe walikuwa na ukumbi wa kulipia na midomo ya kulisha, na lilikuwa kundi ambalo kwa miaka mingi lilikula kwa kicheko cha mtu yule. La Thorillière alivaa nguo za kulalia, akaketi katika kiti cha Argan, akaanza kuhesabu dawa.